Babu aliuza minazi, ardhi hakuiuza

Swali limetoka kwa msomaji wa Muheza. Nalifupisha: "Mwalimu, shikamoo. Bibi yangu amepita miaka themanini. Kila tukipita shamba fulani karibu na kwao husema babu yake aliuza minazi pale kwa ajili ya kodi ya ardhi ya Mdachi, ila ardhi yenyewe hakuiuza. Mimi nimekulia mjini, sielewi. Mtu anauzaje mnazi akabaki na ardhi? Na hiyo kodi ya ardhi ilikuwa kubwa kiasi gani hata ikamfikisha huko? Iliwafanya nini wakulima wa kwetu?"

Marahaba, mwanangu. Kabla sijalima, niruhusu ning'oe kisiki kimoja kilichomo ndani ya swali lako: hayo maneno "kodi ya ardhi". Mdachi, yaani Mjerumani, hakumtoza mkulima wa Bondei, nchi yenu ya Muheza, kodi ya ardhi, na Mwingereza aliyekuja baada yake hakumtoza pia. Hakuna aliyepita na kamba akapima mihogo ya mtu na kusema shamba hili lina kodi kadhaa. Kilichotozwa kilikuwa nyumba, kisha kichwa cha mwanamume. Ardhi ilichukuliwa, hilo kweli, ila ilipitia mlango mwingine, na nitaufikia. Utata huu umeletwa na lugha yetu wenyewe. Kodi ni ile ya serikali, na kodi ni ile unayompa mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Kwa hiyo bibi akisema "kodi" na hapo hapo akataja shamba, mjukuu aliyekulia Ngamiani, mjini Tanga, anadhani babu alikuwa mpangaji kwenye ardhi ya Mdachi.

Tofauti hii si ya kuchagua maneno tu. Kodi ya ardhi inamfuata mwenye shamba kubwa zaidi ya mwenye shamba dogo. Kodi ya nyumba haimtazami mtu ana nini shambani. Mwenye minazi mia mbili na mwenye vitalu viwili vya mtama walidaiwa sawasawa.

Tuanze 1897. Gavana wakati huo alikuwa Eduard von Liebert, na utawala wa Kijerumani ulikuwa umekwisha kumaliza vita vya mrima, yaani vya pwani. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889, na watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuuona uzito wa mkono ule. Mwaka huo wa 1897 ikatoka amri ya kodi ya nyumba, ikaanza kutekelezwa 1898. Nyumba ya shamba ilidaiwa rupia 3 kwa mwaka, za mjini zilidaiwa zaidi. Rupia moja ilikuwa pesa 64, zile za shaba. Anayehesabu ni akida, mtawala mdogo aliyewekwa na serikali, chini yake majumbe wa vijiji, na jumbe alipewa sehemu ya kile alichokusanya. Hapo utaona ujanja wake: mzee wa kijiji aliyekuwa akipelekewa kesi za mipaka na za ndoa sasa analipwa kwa kuhesabu paa za jirani zake. Akida mara nyingi hakuwa hata mtu wa hapo. Alikuwa mtu wa pwani, anajua kusoma na kuandika, baadhi yao wametoka shule ya serikali ya Tanga, wakatumwa kutawala Wabondei na Wazigua.

Wazee hawakuwa wageni wa kutoa. Kule milimani Usambara, Wakilindi, ukoo wa watawala, walipelekewa ng'ombe na chakula tangu zamani. Lakini yule mtawala alikuwa na deni kwa wenyeji: mvua iwe yake, njaa iwe yake, na ikishindikana watu walisema wazi kwamba mfalme ameiharibu nchi. Kishambaa wana neno la kazi hiyo, kuzifya shi, kuiponya nchi. Rupia 3 za Mdachi hazikuwa na marejeo ya namna hiyo. Na zilikuja wakati mbaya mno. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, nzige wakala mashamba ya katikati ya miaka ya 1890, na kuanzia 1898 hadi 1900 ukame ukaleta njaa kubwa kaskazini-mashariki yote. Yaani mwaka wa kwanza wa kodi ulikuwa mwaka wa kwanza wa njaa. Mtu anatafuta kiazi pori cha kuchemsha, jumbe anahesabu paa.

Miaka ya mwanzo uliweza kulipa kwa mazao, au kwa kazi. Wengi walifanya hivyo, na serikali ikajikuta na maghala ya mtama usiojua uuzwe wapi. Mwaka 1905 mlango huo ukafungwa: fedha taslimu, na asiyenazo afanye kazi. Ndipo pia kodi ya kichwa ikaingia, maana watu hawakuwa wajinga. Ukitoza paa, watu watapunguza paa. Kaka wawili na wake zao wakahamia nyumba moja, kijana aliyefika umri wa kujenga akaambiwa asubiri, kibanda cha shangazi mjane kikabomolewa na yeye akalazwa jikoni. Nasikia wakati mwingine watu wakisema familia zetu zilipenda kujazana. Haikuwa hivyo kila mara. Wakati fulani kujazana ilikuwa njia ya kuokoa rupia.

Hapo katikati, 1904, sarafu ilibadilishwa. Zile pesa 64 zikaondoka, rupia ikagawanywa kwa heller 100. Leo ukisema "sina hela" unatamka jina la sarafu ya Mdachi, na sijui neno lingine lililokaa kinywani mwetu kwa starehe kiasi hicho likiwa limeingia kwa mlango wa kodi.

Sasa swali lako la ukubwa. Rupia 3 si fedha ya kutisha ukiitazama peke yake. Uzito wake ulikuwa mahali pa kuipata. Mkulima wa Bondei alikuwa na chakula, kuku, nazi, mbuzi wachache, na undugu. Vyote hivyo vililisha nyumba, viliozesha kijana na kuzika mzee. Rupia havikuwa. Ili kuipata ilimbidi auze kitu kwa mtu mwenye sarafu, na wenye sarafu walikuwa wawili tu: mwenye duka na mwenye shamba la Kizungu.

Tuanze na wa pili. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Muheza kwenu 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Kandokando yake yakaja mashamba ya walowezi: kahawa milimani kwanza, ambayo haikuwatajirisha kama walivyotarajia, kisha mkonge. Mkonge wenyewe una kisa. Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai mwaka 1893 ilikuwa 62. Kutoka hiyo 62 ndiyo ikatoka misitu ya mkonge unayoipita ukienda Korogwe. Miche ilizaana haraka kuliko watu wa kuikata.

Na hapa ndipo kodi ilipokuwa na kazi yake ya kweli. Mlowezi alikuwa na ardhi, reli, na mashine ya kusinga mkonge. Alichokosa ni mikono. Mbondei mwenye shamba lake la mihogo na minazi hakuona kwa nini aamke alfajiri akakate majani yenye miiba ya mtu mwingine. Kule Usambara, wilaya iliyoitwa Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, utawala uliamua kulisema jambo hili bila haya: kila mwanamume mwenye nguvu akapewa kadi, na katika kila miezi minne afanye siku 30 kwa Mzungu kwa ujira uliopangwa. Asiyefanya apelekwe kazi za serikali.

Fanya hesabu nami. Siku 30 katika miezi minne ni robo. Kwenye karatasi, mtu amebaki na robo tatu za mwaka wake. Shambani si hivyo. Masika inaanza Machi. Ukipanda mahindi mvua ikiwa imekwisha kulowesha, una wiki chache za palizi kabla magugu hayajakushinda. Ukizikosa wiki hizo, siku mia moja za kiangazi hazikusaidii kitu. Na siku 30 si siku 30 za kalenda. Nimewahi kushika kipande cha mkonge, cha baadaye, enzi za Mwingereza. Ni karatasi ngumu yenye vyumba thelathini. Msimamizi anatia alama jioni, kazi ikikamilika. Ukikata mafungu pungufu, chumba kinabaki kitupu na siku yako imekwenda na jua. Ndiyo maana kipande kilipewa muda wa siku 42 kumalizika, kwa kuwa kila mtu alijua siku moja ya jasho haitahesabiwa siku moja. Kile nilichokishika kilikuwa na vyumba kumi na tisa vilivyojazwa, kumi na moja vitupu, na doa la mafuta ya taa. Huyo mtu alikwenda wapi baada ya siku ya kumi na tisa, karatasi haisemi.

Jembe likabaki kwa mke. Hili silisemi kwa kupita, kwa kuwa katika vitabu vya shule tulivyofundishia halikupewa mistari miwili. Mwanamume akiwa kwenye mkonge Ngomeni au Korogwe, kufyeka na kulinda nguruwe usiku vinamwangukia mwanamke juu ya kazi zake za zamani. Watu wakahamia mihogo, kwa sababu muhogo unamvumilia mtu asiye na muda: unaupanda, unauacha, unakungojea. Mtama, unaotaka watoto wa kuamia ndege kutwa, ukapungua. Ukimwona mtu wa pwani anakula bada, ugali wa muhogo, leo, usidhani ni ladha peke yake.

Sasa ule mlango wa ardhi. Novemba 1895 ilitoka amri kutoka Ujerumani kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe anayeweza kuthibitisha haki yake ni mali ya dola. Ilipogawanywa kwa walowezi, tume zilitakiwa kuwaachia wenyeji eneo mara nne ya lile wanalolima wakati huo. Mara nne inasikika kama ukarimu. Lakini mkulima wa mvua halimi mahali pamoja. Analima miaka miwili mitatu, analilaza shamba miaka mingi lijirudie, anahamia pembeni. Afisa anayepita siku moja anaona vichaka, anaandika pori. Hakuuliza vichaka vile ni vya nani. Na pale penye njaa na tauni watu walikuwa wamehama, kwa hiyo "pori" likazidi. Mwingereza naye, kwa sheria ya 1923, akazitangaza ardhi zote kuwa za umma, na ilibidi ingojewe 1928 ndipo haki za kimila zitambuliwe kwenye sheria, kwa maneno machache yenye shaka. Ardhi ikipungua na kodi ikikaa pale pale, mtu anabanwa kama samaki ndani ya dema: akienda mbele kuna ukuta, akirudi mlango umegeuka.

Hata hivyo watu wa Tanga walikuwa na bahati moja ambayo lazima niiseme, vinginevyo nitakuwa nimekudanganya. Walikuwa karibu na wanunuzi. Makambi ya mkonge yalijaa watu wanaohitaji kula, na Mbondei, Mdigo na Mzigua waligundua upesi kwamba kuuza mahindi, ndizi, nazi na samaki kwa wakata mkonge kunalipa kodi bila kuukata mkonge wenyewe. Wenye mashamba walilalamika miaka nenda rudi kwamba wenyeji wa pwani ni wavivu. Uvivu huo ulikuwa hesabu nzuri tu.

Basi nani aliukata? Aliukata yule ambaye kodi ilimkuta mbali na reli. Muha wa Kigoma, Mngoni wa Songea, Mbena wa Njombe, Mnyamwezi, na wengine kutoka Ruanda-Urundi. Kule mtu alikuwa na mahindi, lakini mnunuzi alikuwa mwendo wa siku nyingi, kwa hiyo alichoweza kuuza ni mwili wake. Aliandikishwa, akapewa namba, akaitwa manamba, akaletwa Tanga. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuwakusanya, SILABU, kifupi cha Sisal Labour Bureau. Ukitaka kuyaona madhara ya kodi kwa mkulima, nusu yake haiko Muheza; iko kwenye shamba lililoota magugu Kasulu wakati mwenyewe yuko kwenye mkonge Mnyuzi. Na nusu nyingine iko kwenye majina ya majirani zenu, kwa maana wengi hawakurudi.

Enzi za Mwingereza sitazichambua kwa urefu. Sheria ya 1922 iliendeleza kodi ya nyumba na kichwa, na mwenye wake wengi akalipia kila nyumba ya mke. Nimesikia wazee wakitania kwamba serikali ilikuwa mkwe wao wa tatu. Chini ya Gavana Donald Cameron, kuanzia 1926, ukusanyaji ukapelekwa kwa watemi na mabaraza ya wenyeji, sehemu ya fedha ikabaki kwenye hazina zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 bei ya mbata, zile nazi kavu, na ya mkonge zikaanguka duniani, kodi haikuanguka pamoja nazo. Nazi zile zile zilizotosha kulipa juzi hazikutosha tena.

Lakini kisa cha Upare siwezi kukiruka, maana Upare wakati huo ulikuwa ndani ya Jimbo la Tanga. Serikali ilitaka kumpimia kila mtu kodi yake kulingana na mali yake, na wapimaji ni watawala wa huko huko. Wapare wakaiita mbiru. Kwa nadharia ni kodi ya haki kuliko rupia 3 za sawa kwa wote, na hapo ndipo ilipo kejeli yake: watu walioonewa na kodi isiyotazama mali wakaikataa ile inayotazama, kwa sababu mtazamaji alikuwa jirani mwenye chuki zake. Mwaka 1945 maelfu waliteremka kutoka milimani wakakaa Same kwa miezi. Wanawake wakawafuata maofisa na hoja ambayo hakuna afisa aliyekuwa na jibu lake: waume zetu mmewaweka huku, basi watoto tuzalishwe na nyinyi. Kodi ile ikaondolewa.

Sasa minazi ya babu yake bibi. Hili usilitafute kwenye sheria ya Mdachi, lipo kwenye mila ya mrima. Huku kwetu mti una mwenyewe na udongo una mwenyewe. Ardhi ni ya ukoo au ya mji; mnazi ni wa aliyeupanda na warithi wake. Ndiyo maana unaweza kukuta shamba moja lina minazi ya watu watano, na anayelima mihogo chini yake ni wa sita. Mwaka kodi ilipomkuta babu hana rupia, na hataki kipande, alikuwa na kitu kimoja ambacho mwenye duka angekikubali: minazi. Ardhi hakuwa na ruhusa ya kuiuza, wala hakuna ambaye angeinunua kwake.

Kwa kawaida haikuanza kwa kuuza. Ilianza kwa rehani. Unachukua rupia zako, unamwonyesha mwenye fedha minazi, tuseme kumi, na yeye anapeleka mkwezi wake kuangua mpaka urudishe. Riba haitajwi, ni haramu; nazi ndizo zinazokaa mahali pake. Hapo angalia kinachotokea. Minazi ile ndiyo ilikuwa ikuletee fedha ya kodi ya mwaka unaofuata. Sasa nazi zake zinakwenda kwa mwingine, na jumbe anarudi vile vile. Unaweka mingine kumi. Mwaka wa tatu au wa nne huwezi tena kukomboa, mnakaa mbele ya mashahidi, rehani inageuka mauzo. Mtu hakumbuki siku aliyouza, anakumbuka tu kwamba ilikuwa kodi. Ndiyo maana bibi anaunganisha kodi, minazi na shamba katika sentensi moja, na hajakosea.

Kuna jambo la mwisho, na hili ni la leo. Mnazi huzaa miaka sitini, themanini ukiwa na bahati. Aliyoiuza babu enzi za Mdachi haipo. Ile mnayoipita ni mingine. Kwa mila, aliyenunua alinunua miti, na haki yake ilisimama juu ya miti ile. Kwa hiyo kabla hujaongea na mtu yeyote kuhusu shamba lile, na kabla hujafika kwenye baraza la ardhi la kijiji, kaa na bibi jioni moja, mpelekee kahawa, umuulize pole pole: minazi ya kwanza ilipokufa, nani alichimba mashimo ya hii iliyopo, na nani alikuwa amesimama pale akitazama bila kusema kitu?